Plau ya Kukhu

Watu wa kwetu wanasema nilivuka njia ya msemaji. Ni kweli, nilivuka. Wanasema nilifanya hivyo mchana kweupe, mbele ya wazee, wageni na wakwe, bila hata kuinamisha kichwa. Hiyo nayo ni kweli. Wakifika hapo wanatingisha vichwa, kisha wanageukia mambo ya bei ya mahindi. Hakuna anayeuliza kwa nini. Basi mimi nitasema, maana nimechoka kusemewa.

Nianze na desturi yenyewe, ili mtu asije akadhani naidharau. Kwetu Wabukusu, mzee aliyeheshimika, aliyeishi mpaka akaona wajukuu zake wakitahiriwa, hazikwi tu watu wakaenda zao. Siku ya tatu baada ya mazishi huitwa msemaji, mtu wa ukoo wenye kipawa hicho. Huja na kofia yake ya manyoya na fimbo. Watu huketi pande mbili uwanjani, wakamwachia njia katikati, naye hutembea humo akienda na kurudi, akisimulia ukoo ulikotoka, ulivyohama, nani alifanya nini, na marehemu aliishi vipi. Akisema hakatizwi. Hakuna anayepita mbele yake. Mtoto akilia anapelekwa nyuma ya nyumba. Akimaliza anashika njia na kuondoka, haagi wala hageuki nyuma. Alichosema kimeshasemwa, na watoto wenu watakikuta hivyo hivyo. Mimi naipenda desturi hii. Nikiwa mdogo nilikuwa nikisikia sauti ya msemaji, mwili unanisisimka wote.

Sasa, babu yangu alifariki mwanzoni mwa ile miaka ya elfu mbili, serikali mpya ikiwa imeingia juzi tu na kila mtu akiimba mabadiliko. Nilikuwa nauza mitumba Kitale, mashuka na mapazia, na nilikuwa nakaa mtaa wa Tuwan. Habari iliponifikia niliuacha mzigo wangu kwa jirani, mama mmoja Mwislamu aliyekuwa akikaanga viazi karai mlangoni pake, nikaenda nyumbani. Kwetu ni kwenye mwinuko, ukishapita soko la Kamukuywa. Tulimzika babu vizuri. Kanisa likaja, kwaya ikaimba, watu wakala wakashiba.

Msemaji aliletwa siku moja kabla ya kusema, ili aelezwe maisha ya marehemu. Wakamkalisha sebuleni na baba mkubwa, yaani kaka mkubwa wa baba yangu, pamoja na wazee wa kijiji. Mimi ndiye niliyewapelekea chai. Nyanya yangu, ambaye sisi tunamwita kukhu, mke wa marehemu wa miaka yote hiyo, alikuwa amekaa jikoni na wajane wenzake, ng'ambo ya uwanja tu. Nilipita na birika huku na huku, na katika wanaume wote wale waliokuwa wakikumbushana maisha ya mume wake, hakuna hata mmoja aliyenyanyua makalio yake kwenye kiti akaenda kumuuliza mwenye mume. Wakati huo sikuona ajabu. Ilikuwa kawaida.

Asubuhi yake msemaji akasimama. Jamani, alikuwa na ulimi! Alitutoa mbali, akatuvusha mito, akatuonyesha vita na njaa, mpaka akatufikisha kwenye mwinuko wetu. Hapo akasimama, akapiga fimbo chini, akasema: "Nani alileta plau ya kwanza hapa? Watu walikuwa wanachimba na jembe la mkono kama fuko. Ni huyu! Alienda kwa mzungu Trans-Nzoia, akafunza ng'ombe, akarudi na plau, akafundisha baba zenu wote!"

Watu wakaitikia kwa sauti moja. Nami nilikuwa karibu kuitikia, mdomo umeshafunguka, ndipo nikamwona kukhu. Alikuwa ameketi chini, amejifunika shuka niliyomletea kutoka Kitale. Hakulia. Alimtazama msemaji jinsi unavyomtazama mtu aliyevaa nguo yako sokoni.

Kwa sababu plau haikuletwa na babu. Plau ilikuwa yake.

Hadithi hiyo niliijua tangu nikiwa mtoto, alinisimulia tukipukuchua mahindi. Yeye na babu walienda kuishi kwenye shamba la mzungu wakiwa wametoka kuoana. Vita vya wazungu vikaanza, vijana wakachukuliwa, na babu akawa mmoja wao. Msimu wa kulima ukafika, ng'ombe wapo, plau ipo, mtu wa kuishika hayupo. Wanawake walikuwa hawaruhusiwi hata kuigusa. Ilisemwa mwanamke akishika plau, ng'ombe watavunjika miguu. Kukhu akamwambia nyapara, "Nipe hao wawili wakali, wakivunjika mguu unifukuze." Akaanza kuwafunza. Hakutumia kiboko, aliwaimbia. Wimbo mmoja wa kwenda, mwingine wa kugeuka mwisho wa mfereji. Akalima shamba lile msimu baada ya msimu, mpaka wanawake wengine waliokuwa wakimcheka wakaanza kumletea uji shambani.

Vita vilipokaribia kwisha na babu bado hajarudi, mzungu akampa wale ng'ombe wawili, waliokuwa wameanza kuzeeka, na plau kuukuu, kuwa ujira wake. Akailaza plau juu ya gogo lenye panda, ng'ombe wakalikokota, akashika njia ya kwao. Alipokaribia nyumbani askari wa chifu wakamkamata. Mwanamke, peke yake, na ng'ombe wawili na plau? Huyu ni mwizi, ameiba kwa mzungu! Wakamfungia. Akawaambia, "Kama nimeiba, basi nimeiba na ujuzi pia. Nileteeni hao ng'ombe." Chifu akatoka kuona kichekesho. Kukhu akafunga nira, akaimba, akalima mfereji ulionyooka kutoka kwenye mti mpaka kwenye boma. Chifu akasema sawa, nimeamini wewe si mwizi, lakini kabla hujaenda maliza shamba lote.

Akalima shamba lote la chifu, bure. Kila aliponisimulia kipande hicho yeye alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mimi sikuwahi kucheka. Hata leo nikikumbuka chifu yule damu yangu inachemka, na alishakufa zamani.

Halafu akafika nyumbani, akalima, na watu wakaja kujifunza. Babu aliporudi kutoka vitani alikuta mahindi yamemzidi urefu. Hayo babu mwenyewe alikuwa akiyasema akiwa hai! Hakuwahi kujipa sifa hiyo. Lakini watu walipomwona akitembea nyuma ya plau, basi, ikawa plau ya mzee. Wanaume walizaliwa wakaikuta hivyo, na sebuleni siku ile wakampa msemaji walichokuwa nacho.

Msemaji alipomaliza aliondoka, hakugeuka. Nilitaka kumkimbilia, shangazi akanivuta kwa gauni. "Wewe! Unataka kutuletea laana?" Nikakaa.

Baada ya msemaji huja kipindi cha madai. Wazee hukaa, wakauliza kama kuna mtu anayemdai marehemu, au anayedaiwa na marehemu, ili mtu asilale kaburini na mambo ya watu. Kisha mali hugawanywa. Aliyeongoza alikuwa mzee mmoja jirani yetu, wa rika la chini kidogo ya babu, aliyependa koti lake la kahawia jua liwake mvua inyeshe. Akauliza. Mtu mmoja akataja kondoo, mwingine mpaka wa shamba. Yakaisha. Baba mkubwa akaanza kutaja mali: ng'ombe, mabati ya ghala, na ile plau iliyolala chini ya ghala. Plau akasema itakuwa yake, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa.

Hapo kukhu akasimama.

"Mimi namdai marehemu," akasema.

Kicheko kikatoka upande wa vijana. Mjane kumdai mume wake! Nani aliwahi kusikia?

"Namdai plau yangu," kukhu akasema. "Niliipata kwa mikono yangu, na yeye alijua. Msemaji amempa leo. Nataka irudi kwangu, na nataka isemwe hapa mbele ya watu hawa hawa kwamba ni yangu. Nikifa, sitaki kulala bila hiyo."

Baba mkubwa akaruka. "Mama, ni uchungu huo. Pumzika." Akageukia watu, "Ni uchungu tu, mtuwie radhi."

"Si uchungu," kukhu akasema. "Ni plau."

Mzee wa koti la kahawia akakohoa. Alimwambia kwa upole kabisa, sauti ya mtu anayeongea na mgonjwa, "Mama, hayo ni maneno mazito. Kila dai lina shahidi. Shahidi wako ni nani?"

Kukhu akamtazama. Akamtazama muda mrefu, mpaka watu wakaanza kujikohoza. Kisha akavuta shuka yake, akaketi. Mzee akasema dai limeanguka, plau ikapewa baba mkubwa, tukaitwa kula.

Jioni nilimfuata jikoni, nikimwaga maneno. "Kukhu, si ungetaja hata mtu mmoja? Hata wale wa shambani kwa mzungu, hata kama wamekufa!"

"Shahidi wangu anajijua," akasema, akaendelea kuchochea moto. Nikadhani anamaanisha Mungu, kwa kuwa alikuwa mtu wa kanisa sana. Sikuuliza zaidi.

Niliporudi Tuwan nilimsimulia jirani yangu yote. Alinisikiliza huku akigeuza viazi kwenye karai, akaniuliza jambo moja tu: "Kwani huyo mtu wenu kabla ya kusema hakumuuliza mwenyewe?" Nikaanza kumweleza kwamba kwetu msemaji huelezwa na wanaume, nikajisikia mjinga, nikaacha katikati. Mtu wa nje, wa dini nyingine, aliona kwa dakika moja shimo ambalo sisi tumeliruka maisha yetu yote.

Baba mkubwa hakukaa na plau hata mwaka. Ilikuwa ile miaka ambayo wanunuzi wa vyuma vikuukuu walikuwa wakizunguka vijijini na pikapu, wakibeba kila kitu, masufuria, fremu za baiskeli, hata vifuniko vya mitaro. Kukhu alirudi kutoka kanisani Jumapili moja akakuta pale chini ya ghala pako wazi, udongo tu na alama ya ulimi wa plau. Aliponipigia simu, kwa simu ya mwalimu jirani, alisema tu, "Imeenda." Niliuacha mzigo wangu tena. Nilimkuta baba mkubwa amekaa kivulini anakunywa chai.

"Baba, umeuza plau ya kukhu?"

"Plau ya nani? Ile ilikuwa ya mzee, na mzee aliniachia mimi. Kwani wewe ulikuwa unataka kulima na hiyo takataka? Watu wanalima na trakta siku hizi, bana."

Nilimwambia maneno ambayo msichana hamwambii baba yake mkubwa, na sitayarudia hapa, ingawa sijayajutia. Nikaenda Chwele siku ya soko, nikauliza kila mwenye mizani ya vyuma. Kijana mmoja alikumbuka. Alinionyesha kwa mkono upande wa karakana, akasema, "Ile ya mikono mirefu? Ilikatwa siku hiyo hiyo, mama. Chuma cha zamani, kilisumbua sana." Nilisimama pale nikiwa nimeshika kamba ya mkoba wangu, bodaboda za baiskeli zikinipigia kengele nipishe, na nililia kwa hasira tupu.

Kukhu aliishi miaka michache baada ya hapo. Hakuitaja plau tena, ila siku za kulima zikifika, alikuwa akikaa nje akisikiliza trakta, na midomo yake inatembea. Nadhani alikuwa anaimba. Akafariki polepole, bila kusumbua mtu, akiwa mzee kiasi kwamba hakuna aliyejua umri wake.

Mwanamke kwetu haitiwi msemaji. Hata angekuwa amelima dunia nzima. Kwake kukawa na ibada, na siku ya kunyoa, ambapo familia hunyolewa nywele na madai huulizwa kama kawaida. Aliyeongoza ni yule yule, mzee wa koti la kahawia, sasa amepinda na kushikilia mkongojo.

"Kuna anayemdai huyu mama?" akauliza. Hakuna. "Na yeye, kuna mtu anayedaiwa naye?"

Nikasimama. Baba mkubwa akaniona, akasema, "Keti chini wewe." Sikuketi.

"Wote mnadaiwa," nikasema. "Kila mtu hapa ambaye baba yake alishika plau anadaiwa. Aliwalimia, akawafundisha, na nyinyi mkamcheka hapa hapa akiwa mjane wa siku tatu. Plau yake mkaiuza kilo kwa kilo. Sitaki kondoo, sitaki shamba. Nataka mtu mmoja tu aseme plau ilikuwa ya nani!"

Nilijua nitajibiwa nini. Shahidi wako ni nani. Nilikuwa nimejiandaa kupiga kelele. Lakini mzee alibaki ameegemea mkongojo wake, akitazama kaburi.

"Plau ilikuwa yake," akasema. "Mimi nilikuwa kijana, jando limepona juzi. Yeye ndiye alinishikisha mikono ya plau. Alinifundisha ule wimbo wa kugeuka. Mume wake hata hakuwa amerudi."

Uwanja mzima ukavuma. Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi badala ya kufurahi nilimkazia macho mzee, maana ndipo nilipoelewa kukhu alikuwa akimtazama nani siku ile.

"Mzee," nikasema, "wewe ndiye ulimuuliza shahidi wake ni nani."

"Ndiyo."

"Na ulijua."

"Nilijua, mwanangu. Lakini ilikuwa siku ya mume wake. Nilingoja anitaje. Angenitaja ningesema." Akajipangusa macho kwa mkono wa koti. "Hakutaka kuniaibisha."

Kisha akajinyoosha, akarudi kuwa mzee wa kijiji, akatoa hukumu: plau ni ya marehemu, na kwa kuwa mjukuu huyu ndiye amesimama, basi plau apewe yeye. Watu wakapiga makofi. Plau gani? Ile iliyokatwa Chwele? Na waliyekuwa wakimpigia makofi ni yeye! Waliinuka wakamshika mkono mmoja mmoja, ati mzee ametenda haki, ati watu wa ukweli kama huyu wamebaki wachache. Baba mkubwa pia alimshika mkono.

Mzee yule naye alifariki muda si mrefu. Mwanamume, mwenye wajukuu, mwenye heshima zake. Msemaji akaitwa, na safari hii alikuwa kijana zaidi, lakini ulimi ule ule. Nilienda, maana jirani ni jirani. Niliketi upande wa wanawake. Akatutoa mbali, akatuvusha mito, akafika kwenye maisha ya marehemu. Akapiga fimbo chini.

"Ni huyu," akasema, "aliyesimama peke yake akasema kweli kila mtu aliponyamaza! Kulikuwa na mama mmoja mjane hapa, amenyang'anywa kitu chake. Nani alimtetea? Ni huyu!"

Watu wakaitikia kwa sauti moja.

Mama mmoja. Kitu chake. Kaburi la kukhu linaonekana kutoka pale tulipokuwa tumeketi, na waliokuwa wakiitikia ni watu niliowaona kwa macho yangu wakiwa pale siku zote mbili. Nikawaza kwamba watoto waliokuwa wamebebwa migongoni asubuhi ile watakua na hadithi hiyo, na wataisimulia vizuri, kwa heshima, na hawatajua kwamba kuna mtu alifungiwa kwa chifu kwa kosa la kuwa na ng'ombe wake mwenyewe.

Nilisimama. Shangazi alinyoosha mkono kushika gauni, akashika hewa. Niliingia katika njia ya msemaji, nikavuka mbele yake, polepole, kutoka upande wa wanawake mpaka upande wa wanaume, na nilipofika katikati nikasimama.

"Plau ilikuwa ya kukhu yangu," nikasema. "Endelea sasa."

Hakuendelea. Alisimama na fimbo juu, mdomo wazi. Mimi nikatembea mpaka barabarani, sikuaga na sikugeuka.

Wazee walikaa wakaamua nimechafua uwanja, na ni lazima nitoe kondoo wa kuutakasa. Wamenitumia ujumbe Tuwan mara nyingi, mara nyingine kwa ukali, mara nyingine kwa kubembeleza, na aliyetumwa mara ya mwisho alikuwa baba mkubwa mwenyewe, akakaa kwa jirani yangu akila viazi huku akinisubiri. Ati bila kondoo huyo mambo ya kijiji hayatakaa sawa.

Nilimjibu nilivyowajibu wote. Walishahukumu wenyewe, mbele ya watu, kwamba plau ni yangu. Basi wailete. Siku nitakapoiona plau ya kukhu imelala pale chini ya ghala, kondoo wao watampata.